Saa Iandikwe Siku Ileile

Safari hii barua nyingi zimegusa jambo moja. Makandarasi waliopata kazi zinazojengwa kwa fedha za umma, pamoja na mafundi wanaozifanya, wanauliza habari za mishahara, madaftari na ukaguzi. Nimekaa saiti miaka ishirini na miwili, na kumi na sita kati ya hiyo nilikuwa karani wa mahudhurio, kwa hiyo ninajibu yale niliyoyashika kwa mikono yangu.

SWALI: Shikamoo mama. Nina kampuni ndogo ya ujenzi. Miaka tisa nimejenga nyumba za watu binafsi na hakuna aliyewahi kuniuliza namlipa nani kiasi gani. Sasa nimeshinda zabuni yangu ya kwanza ya umma, jengo la madarasa. Hata msingi sijachimba, mhandisi mshauri ananidai daftari la saa, orodha ya malipo ya kila fundi kila mwezi, na viwango vya mshahara vibandikwe getini. Mimi na watu wangu tumekubaliana vizuri, hakuna anayelalamika. Kwa nini mteja aingize mkono kwenye mambo yangu na vibarua wangu? — *Mkandarasi mpya*

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa zabuni.

Ukimjengea mtu nyumba yake, bei mliyopatana ni yenu wawili. Kwenye kazi ya umma mnashindana wengi, na mwenye bei ya chini ndiye anayetazamwa kwanza. Sasa jiulize bei hiyo inashushwa wapi. Saruji mnanunua kulekule, nondo kulekule, dizeli ileile. Kinachobaki cha kubana ni mshahara. Mteja wa umma asipoweka sakafu, mkandarasi anayelipa watu wake vizuri anashindwa kila zabuni, na fedha za wananchi zinageuka kuwa chombo cha kuwashusha mishahara wananchi haohao. Watu waliliona hili zamani. Bunge la Uingereza lilipitisha azimio la mishahara ya haki kwenye kandarasi za serikali mwaka 1891. Marekani ikatunga sheria ya Davis-Bacon mwaka 1931. Mwaka 1949 Shirika la Kazi Duniani, ILO, likapitisha Mkataba wa Kimataifa Na. 94, ambao kazi yake ni hii hii moja: masharti ya kazi ndani ya kandarasi za umma.

Kiini chake ni kwamba mshahara, saa za kazi na masharti mengine yasiwe duni kuliko yale yaliyowekwa kwa kazi ya aina hiyo katika eneo ambako kazi inafanyika. Maneno ya kushika ni mawili: *yaliyowekwa* na *eneo*. Kipimo hakitoki kwako wala kwa vibarua wako. Kinatoka kwenye makubaliano ya pamoja ya chama cha wafanyakazi na waajiri, au uamuzi wa usuluhishi, au sheria ya nchi. Ndiyo maana "tumekubaliana vizuri" haikusaidii mbele ya mkaguzi. Mtu mwenye njaa ya kazi anakubali chochote, na hicho ndicho kilichofanya kipimo kitolewe mikononi mwenu.

Kuridhia mkataba huo ni hiari ya kila nchi. Lakini hata pale ambapo haukuridhiwa, sharti lenyewe huingia kwa mlango mwingine. Kama kandarasi yako imeandikwa kwa masharti ya FIDIC, yaani shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ya mwaka 1999, fungua kifungu cha 6 na usome chote, hasa 6.2 kuhusu viwango vya mshahara na 6.10 kuhusu kumbukumbu za watu na mitambo. Kama fedha ni za mkopo wa Benki ya Dunia, tangu Oktoba 2018 kuna Kiwango cha Pili cha mazingira na jamii kinachohusu kazi na mazingira ya kazi, na kinawafuata hadi watu wa mkandarasi wako mdogo. Nawaona makandarasi wanafungua michoro usiku wa kwanza na masharti ya wafanyakazi wanayafungua siku ya ukaguzi. Wewe anza na hayo.

Kuhusu viwango getini: Mkataba Na. 94 wenyewe unataka tangazo libandikwe mahali pa wazi ili wafanyakazi wajue masharti yao. Libandike kwa lugha wanayoisoma, kwa herufi kubwa, chini ya kibanda ili mvua isilile. Tangazo lililo ndani ya ofisi nyuma ya mlango halijabandikwa.

Nimalizie na daftari, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo niliposhika makosa yangu makubwa. Mwaka wangu wa pili wa ukarani nilikuwa na mtindo wa kujaza mahudhurio Jumamosi jioni. Wiki nzima naweka vijialama kwenye kikaratasi, Jumamosi nakaa na kunakili siku sita kwa mkupuo. Daftari lilikuwa safi, msimamizi alilisifu. Akaja mkaguzi wa kazi, mama mmoja mtulivu. Hakuuliza mshahara. Aliomba daftari langu na kitabu cha shughuli za saiti anachoandika mhandisi, akaviweka mezani vikiwa wazi kwenye Jumatano ileile. Kwangu: watu thelathini na mmoja, saa nane kila mmoja. Kwa mhandisi: *mvua tangu saa tatu asubuhi, kazi imesimama, watu wameruhusiwa*. Kisha akaniinulia ukurasa kwenye mwanga wa dirisha. Siku sita, wino mmoja, mkono mmoja ulioinama upande mmoja, bila kufutwa hata herufi moja. Akasema, "Binti, saiti haiwi safi namna hii."

Tulikuwa hatujamwibia mtu. Siku ile ya mvua watu walilipwa. Lakini tangu dakika hiyo hakuna ukurasa wangu uliosadikiwa, na kila fundi aliyekuwa na dai la ovataimu, la kweli au la kubahatisha, alisikilizwa yeye kwanza. Kampuni ililipa madai ambayo nina hakika mengine hayakuwepo, kwa sababu sikuwa na karatasi ya kuyakanusha.

Kwa hiyo weka karani getini, au wewe mwenyewe. Jina, kazi anayofanya leo, saa ya kuingia, saa ya kutoka, yaandikwe mtu akiwa amesimama mbele yako. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja, andika sahihi pembeni, tia saini. Usifute kwa rangi nyeupe. Baadaye nilijifunza kumsomea kila mtu saa zake jioni. Kulikuwa na mzee mmoja, fundi mwashi, aliyekuwa anatia dole gumba. Nikamsomea ya jana yake, "saa kumi kamili umetoka." Akatikisa kichwa: "Jana tulimalizia linta, mwanangu, nimetoka saa kumi na moja na nusu." Nikamuuliza foremani, ikawa kweli. Saa moja na nusu ya mtu mzima ilikuwa imepotea kwenye kalamu yangu, na asingesomewa isingerudi.

SWALI: Habari za kazi mama. Nilimpa mkandarasi mdogo kazi ya plasta na sakafu kwenye kituo cha afya. Nimemlipa fedha zake zote na risiti ninazo. Amezima simu, vibarua wake kumi na wanne hawajalipwa mwezi na nusu, sasa wamekaa getini kwangu. Mteja amesema atazuia hati yangu ya malipo hadi hawa walipwe. Nilipe mara mbili? — *Niliyetorok­wa*

JIBU: Pole sana, baba. Jibu ni gumu lakini sitakuficha: jiandae kulipa, halafu umfuate aliyekutoroka.

Kwenye masharti ya FIDIC, kifungu cha 4.4, makosa ya mkandarasi mdogo yanahesabiwa kama makosa yako mwenyewe. Mkataba Na. 94 nao unasema masharti ya kazi yawafikie hadi wakandarasi wadogo, na unaruhusu mteja azuie malipo ya kandarasi ili wafanyakazi wapate mishahara yao. Kwa hiyo mteja hakuonei. Amefanya alichotakiwa kufanya. Wale kumi na wanne wamepiga plasta ukuta ambao wewe umeuwekea hati ya kudai fedha. Ukuta upo na umepimwa, umekubaliwa pia.

Lakini usilipe kwa kelele za getini. Kaa na kila mmoja peke yake, pamoja na msimamizi wako na mwakilishi wao. Linganisha siku anazodai na vitu vitatu: daftari la getini (kama uliwaandika, na ulipaswa kuwaandika hata kama si watu wako), kitabu cha shughuli cha mhandisi, na vipimo vya plasta. Lipa kwa orodha yenye jina, siku, kiwango, jumla na saini, na mteja apewe nakala siku hiyohiyo ili aachie hati yako. Kisha dai dhidi ya mkandarasi mdogo liandikwe kwa maandishi, na kama ulishikilia sehemu ya fedha zake za dhamana, hapo ndipo pa kuanzia.

Umesema ulimlipa zote. Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Safari nyingine, kabla ya kumlipa mkandarasi mdogo mwezi wa pili, adai kwako akiwa na orodha ya malipo ya mwezi wa kwanza iliyotiwa saini na vibarua wake. Usiishie kuiangalia. Chukua majina matatu bila kuchagua, watafute kwenye jukwaa, uwaulize kwa upole mwezi uliopita walipokea nini. Dakika kumi zinatosha. Nimemwona mkandarasi mkubwa akigundua kwa njia hiyo saini kumi na moja zilizoandikwa na mtu mmoja, kazi ikiwa bado iko asilimia thelathini na fedha za kuwaokoa watu bado ziko mkononi.

SWALI: Fundi wangu mmoja asubuhi anajenga, mchana anakuwa saidia fundi. Nimlipe kiwango gani? — *Msimamizi wa saiti*

JIBU: Kila saa kwa kazi yake, mradi daftari lionyeshe ni saa ngapi kwa kila kazi. Kwenye sheria ya Davis-Bacon ya Marekani ndivyo ilivyo, na mahesabu yanaonyesha kwa nini.

Chukua saidia fundi analipwa sehemu tatu kati ya tano za kiwango cha fundi. Mtu wako anajenga saa tano, anasaidia saa tatu. Ukimwandika saidia fundi siku nzima, kila siku anapoteza sehemu mbili kati ya tano za malipo ya saa tano, yaani saa mbili za ufundi. Kwa siku ishirini na sita za mwezi ni saa hamsini na mbili, sawa na siku sita na nusu za kazi. Wiki nzima ya mtu imepotea bila yeyote kuonekana ameiba. Na kama huwezi kutenganisha saa, mlipe ufundi siku nzima. Asiyeandika ndiye abebe hasara.

SWALI: Shikamoo dada. Serikali inanidai niwe na orodha ya mishahara iliyolipwa kwa wakati, lakini yenyewe ina miezi mitano haijanilipa hati mbili. Nitawalipa watu kwa fedha gani? Je, si haki yangu kuwaambia wasubiri kama ninavyosubiri? — *Mkandarasi aliyechoka*

JIBU: Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unachosema ni kweli, na inaniuma kuona mlipaji anayedai nidhamu ya mishahara akiwa ndiye wa kwanza kuivunja. Kila ninapokaa na watu wa wizara na halmashauri nawaambia: hati ya malipo inayolala mezani ni mshahara wa kibarua uliolala mezani.

Hata hivyo, haki ya kuwasubirisha vibarua huna. Wewe na serikali mna mkataba wenye riba na njia za kudai. Kibarua hana mkataba na serikali. Ana wewe tu. Mkataba wa Kimataifa Na. 95 wa mwaka 1949, unaolinda mishahara, unataka mshahara ulipwe kwa vipindi vya kawaida na hauna kipengele cha "mteja akishalipa". Vilevile unakataza kumlipa mtu kwa hati ya ahadi au vocha mahali pa fedha. Nasema hivi kwa sababu nawajua wanaotoa vikaratasi vya kukopea dukani.

Tumia silaha ulizo nazo, na uzitumie mapema. Kwenye FIDIC ya 1999, kiasi kilichothibitishwa kwenye hati ya malipo ya muda kinatakiwa kulipwa ndani ya siku 56 tangu mhandisi apokee madai yako na nyaraka zake. Zikipita, kifungu cha 14.8 kinakupa riba ya pointi tatu za asilimia juu ya kiwango cha benki kuu, na huhitaji kutoa taarifa rasmi ili uistahili. Kifungu cha 16.1 kinakuruhusu, baada ya taarifa ya siku 21, kupunguza kasi au kusimamisha kazi. Makandarasi wengi wanaogopa kuandika barua hiyo wasije wakachukiwa kwenye zabuni ijayo, wanaendelea kumwaga zege kwa fedha wasizonazo, na anayeumia mwisho wa mwezi ni aliyeshika koleo. Ni heri watu ishirini wanaolipwa kila mwezi kuliko sitini wanaodai. Punguza kikosi kihalali, kwa notisi na malipo yote ya mwisho, kabla fedha hazijakatika. Na ukipewa malipo ya awali kwenye mradi ujao, tenga humo mishahara ya miezi miwili kwenye akaunti yake kabla hujanunua mtambo wowote.

SWALI: Mkandarasi anaweza kunikata bei ya kofia ngumu na buti kwenye mshahara? — *Saidia fundi*

JIBU: Hapana. Mkataba wa Kimataifa Na. 167 wa mwaka 1988 kuhusu usalama kwenye ujenzi unasema vifaa vya kinga mwajiri avitoe na avitunze bila gharama kwa mfanyakazi. Fedha ambayo imeshakatwa, idai irudi.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi nondo kwenye daraja la serikali. Aliyetuleta ni mnyapara wetu. Siku ya malipo tunasaini kiasi kamili kilichoandikwa kwenye orodha, tukitoka nje mnyapara anachukua sehemu yake kwa kila mmoja, anasema ndiye aliyetupa kazi. Pia saa za usiku tunazomwaga zege haziandikwi. Nikisema nitafukuzwa. Nifanye nini? — *Fundi nondo*

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza ujue kwamba hicho anachochukua hakina jina zuri popote. Mkataba Na. 95 unakataza waziwazi makato ya kumlipa mwajiri, wakala wake au mtu wa kati ili upate kazi au ubaki nayo. Marekani iliona mchezo huu umezidi kwenye kazi zake za umma hata ikatunga sheria ya pekee mwaka 1934 na kuufanya kosa la jinai. Mtu anaweza kulipwa kwa kazi ya kutafuta mafundi, lakini alipwe na mkandarasi, kutoka mfuko wa mkandarasi.

Inawezekana kabisa mkandarasi hajui. Kwenye karatasi zake kila kitu kiko sawa, na saini zenu ndizo zinazomlinda mnyapara. Kwa hiyo msiende mmoja mmoja. Nendeni watatu, wanne, kwa mtu wa chama cha wafanyakazi kama kipo, au kwa afisa kazi. Kama mradi una fedha za Benki ya Dunia, lazima kuwe na utaratibu wa malalamiko ya wafanyakazi, na mnaweza kuutumia bila kisasi dhidi yenu. Ulizeni nani anaushika, na kama hakuna anayejua, hilo nalo ni lalamiko. Ombeni pia mlipwe kwenye simu au benki, moja kwa moja kwa jina la kila mtu. Hilo halimzuii mnyapara kunyoosha mkono, lakini sasa atalazimika kuomba fedha ambayo imeshaingia kwako.

Kuhusu saa za usiku, anza leo kuandika mwenyewe. Tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, mlikuwa mnafanya nini, na nani alikuwa pembeni yako. Usiandike kwa makisio mwisho wa wiki, andika usiku uleule kabla hujalala. Nilimjua fundi mmoja aliyeandika saa zake kwa penseli ya seremala kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, akiikata vipande na kuvifunga kwa waya wa kufungia nondo. Siku arobaini na moja. Vipande vilikuwa vichafu, kimoja kimechanika nusu. Mbele ya afisa kazi mwanasheria wa kampuni aliviita takataka. Afisa akaagiza kumbukumbu za zege, zile zenye tarehe, saa ya gari kufika na saa ya kumaliza kumwaga, maana kila sampuli inayopelekwa kupimwa nguvu lazima iandikwe imetoka kwenye zege gani. Akaanza kusoma kipande na kumbukumbu, kipande na kumbukumbu. Usiku wa tisa aliandika *saa sita na robo tumemaliza nguzo ya mashariki, gari la mwisho limechelewa*. Kumbukumbu ya zege ilisema gari la mwisho liliwasili saa tano na nusu usiku, nguzo ya mashariki. Walipofika usiku wa kumi na mbili mwanasheria aliomba mapumziko, na waliporudi walizungumza jinsi ya kulipa, si kama watalipa.